Simu Haiketi Chini na Mgonjwa

Siku hizi mwenzetu akilemewa na huzuni hata asile wala asilale, tunamtumia programu ya ushauri kwenye simu, tunamwambia tutamwombea, kisha tunakwenda zetu. Hiyo si huduma. Ni kumkwepa kwa adabu.

Simu hatuikatai. Sisi wa Konde tunaujua umbali: hospitali ya magonjwa ya akili, Kidongo Chekundu, iko Unguja, nasi ni lazima tuvuke bahari. Mwaka 2005 huko Zimbabwe, mgonjwa wa daktari Dixon Chibanda alijiua; familia yake ilikosa nauli ya kumfikisha hospitalini, dola 15 tu. Kumpigia daktari simu kunaweza kuokoa uhai, wala anayepiga hajapungukiwa na imani.

Lakini tuone alichofanya Chibanda baadaye. Mwaka 2006, jijini Harare, alianza na akina bibi 14. Aliwafundisha kuketi kwenye benchi na watu wenye mawazo mazito na kuwasikiliza. Hawakuwa madaktari, walikuwa majirani. Je, kanisani kwetu hakuna akina bibi?

Tena kuna suala la siri. Mwaka 2023 BetterHelp, kampuni ya Marekani inayotoa ushauri nasaha kwa intaneti, ilikubali kulipa dola milioni 7.8 baada ya serikali kuishutumu kwamba ilipeleka taarifa za wateja wake kwa Facebook na wengineo kwa ajili ya matangazo. Kabla ya kumtuma mtu aimwage roho yake kwenye programu, tujiulize nani anasikiliza. Na tusijione wasafi: matatizo mangapi ya watu yanasambazwa katika makundi yetu ya WhatsApp kwa jina la maombi?

Marafiki wa Ayubu waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Walimuumiza walipoanza kumhubiria. Programu hujibu papo hapo. Kunyamaza na mtu haiwezi.

Basi tunalitaka kanisa litenge chumba chenye mlango unaofungika, na fedha za vocha, ili mgonjwa azungumze na daktari kwa faragha. Tuchange nauli ya meli kwa anayepaswa kuvuka. Na mgonjwa akitoka chumbani humo, amkute mmoja wetu ameketi nje, anamsubiri.