Asilimia za ENAFEP hazisemi yote juu ya Djugu

Kila matokeo ya ENAFEP yanapotoka, watu mjini Bunia wanahesabu: shule hii mia kwa mia, ile ya kijijini huko Djugu imeanguka. Halafu lawama zote zinamwangukia mwalimu wa kijijini. Hiyo si haki.

Mtihani ni mmoja kwa nchi nzima, na uko katika Kifaransa. Watoto wengi wa Djugu wanaongea Kilendu nyumbani na Kiswahili sokoni. Tangu Desemba 2017 vita vinawakimbiza, madarasa yamechomwa, mwaka wa masomo unakatika katikati. Na walimu wengi ni wa NU, wanafundisha bila mshahara wa serikali. Zamani prime ya wazazi iliwasaidia. Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi ni ya bure. (Vizuri sana, kifungu cha 43 cha Katiba kinaidai tangu 2006.) Lakini mzazi kasamehewa, mwalimu hajalipwa: deni limebebeshwa mtu mwingine tu.

Wakaguzi waandike kando ya kila asilimia siku ambazo shule ilifunguliwa kweli, na walimu wangapi wanalipwa. Kabla ya hapo, direkta wa kijijini asiitwe Bunia kujieleza.