Furaha Ndani ya Msiba

Jumamosi, tarehe 4 Mei, 2024, kimbunga Hidaya kiliikumba pwani yetu kwa upepo na mvua kubwa, na barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ikakatika huko Somanga. Kesho yake ilikuwa Jumapili, siku ambayo Wakristo hukumbuka ufufuko.

Huulizwa: aliyepoteza shamba atafurahije? Jawabu limo katika waraka wa Mtume Paulo kwa Wafilipi. Aliuandika akiwa kifungoni, na bado umejaa furaha. Furaha hiyo si kicheko wala kusahau msiba; ni yakini kwamba kaburi si mwisho. Sisi tuliosoma chuoni tunaijua Sura ya Inshirahi, iahidiyo wepesi pamoja na uzito. Hatuoni ugeni hapo.

Lakini subira ya waumini isifanywe mto wa kulalia watendaji. Paulo huyohuyo aliwachangishia maskini wa Yerusalemu. Hakutosheka na kuandika maneno ya faraja. Basi mvuvi wa Songo Mnara, asali msikitini au kanisani, anastahili kupata tahadhari ya hali ya hewa kabla hajatweka tanga, na madaraja ya Somanga yapimwe kwa mafuriko ya 2024.