Kazi za Nyumbani: Mashine ya Kufulia Iliyogoma

Mwezi huu twataka kunena habari za mashine ya kufulia, ile ya zamani ifunguliwayo kwa juu. Wako jamaa zetu wakaao Marekani, nao huikuta katika nyumba waliyopanga, au huinunua kwa mtu kwa fedha kidogo. Siku moja yagoma: maji yamejaa, nguo zimelala ndani, wala hakuna kinachozunguka. Ndipo watu husema, "Imekufa, itupwe." Twawasihi wasifanye haraka, kwa kuwa mara nyingi kilichovunjika ni kitu kidogo, nacho kiliwekwa makusudi ili kivunjike.

Twasema hasa juu ya mashine za Whirlpool, na zile za Kenmore zilizoundwa na kampuni hiyo hiyo, zilizotoka tangu miaka ya 1980 hata karibu na mwaka 2010. Ndani yake hamna mkanda. Mota yaelekeana na sanduku la gia, na kati yao kuna kiungo cha vipande vitatu: viwili vya plastiki, kila kimoja kina meno matatu, na katikati kipande cha mpira chenye matundu sita. Mtu akishindilia mablanketi kupita kiasi, meno yale hukatika kwanza, na gia, ambazo ni ghali, husalimika. Ishara yake ni hii: mota yasikika ikinguruma, na pampu yatoa maji, kwa maana imeshikamana na mota upande wa pili, lakini pipa halizunguki. Tena chini ya mashine huonekana chengachenga nyeusi za mpira.

Kabla ya kugusa neno lolote, plagi ing'olewe ukutani. Kuzima swichi hakutoshi. Mabomba yafungwe, na maji yaliyobaki yatekwe kwa kopo. Mota nyingine zina kapasita, yaani kikopo kinachoweka umeme hata baada ya plagi kung'olewa. Ncha zake zisiguswe kwa mkono. Kisha fungueni skrubu mbili za ubao wa vitufe, mmoja kila upande, mkaulaze ubao nyuma. Chomoeni plagi ndogo ya swichi ya kifuniko, ng'oeni vibanio viwili vya shaba kwa bisibisi, na bodi nzima ya bati yainamishwa mbele na kutoka. Mtu aionapo mara ya kwanza hustaajabu, maana mashine yote i wazi mbele yake. Pampu yashikwa na vibanio viwili, mota vivyo hivyo. Mota ni nzito, ishikeni kwa mkono mmoja kabla ya kufungua kibanio cha mwisho. Kiungo kipya chagongwa taratibu hata kikae sawa na ncha ya chuma.

Ikiwa mota yenyewe haisikiki kabisa, angalieni swichi ya kifuniko. Hapa twataka kusema kwa ukali kidogo. Wako mafundi ambao, wakiona swichi hiyo imekufa, hawanunui nyingine, bali hufunga nyaya zake pamoja, na mashine huzunguka kifuniko kikiwa wazi. Mwenye nyumba hufurahi kwa kuwa hakulipa sana. Lakini pipa lile huzunguka mamia ya mara kwa dakika moja, na mtoto akiingiza mkono kuvuta soksi, nguo humnasa na mkono huvunjika. Swichi mpya si ghali. Fundi akifanya hivyo nyumbani mwenu, mwambieni azitenganishe nyaya hizo mbele yenu.

Nguo za juu zisiposhuka, jaribuni kuzungusha kwa mkono sehemu ya juu ya mti wa katikati. Yapaswa kukamata upande mmoja. Ikizunguka ovyo pande zote mbili, vijino vinne vya plastiki vilivyo ndani vimelika, na kuvibadili ni kazi ya robo saa. Bali mafuta yakimwagika kutoka sanduku la gia, au pipa likiwa limetobolewa na kutu, sisi hatuoni faida ya kuendelea.

Wakati wa kurudisha bodi, wengi husahau ile plagi ndogo ya swichi ya kifuniko, kisha hudhani wameharibu kazi yote. Jaribuni kwanza kwa maji matupu.

Neno moja kwa wapendao kupakia vyombo melini kuja navyo Mombasa au Dar es Salaam: mashine hii yataka volti 120, na umeme wa kwetu ni karibu mara mbili ya huo. Hata mkinunua transfoma, umeme wa Marekani hupiga mara 60 kwa nukta moja na wa kwetu mara 50, basi mota itazunguka polepole kwa sehemu moja katika sita, na nguo zitatoka zikiwa na maji zaidi.