Kabla ya kuweka injini kubwa kwenye pikapu, piga hesabu ya mteremko

KILA msimu wa kabichi na karoti unapokaribia, mazungumzo ya wenye pikapu hapa Lushoto huwa ni yale yale. Mmoja atalalamika kwamba gari lake limechoka, halipandi tena kama zamani. Mwingine atamjibu kwamba dawa ni moja tu, ang'oe injini aweke kubwa zaidi. Wa tatu tayari anamjua mtu Dar es Salaam mwenye injini "safi, imeshuka juzi kutoka Japani". Kabla chai haijapoa, mkulima ameshashawishika kuchukua fedha za mbolea na mbegu akanunue chuma.

Sipingi kubadilisha injini. Wapo waliofanya hivyo na biashara zao zikasonga mbele. Ninachosema ni kwamba wengi wetu tunafanya bila hesabu, tukidhani nguvu ya injini ndiyo kitu pekee kinachokosekana kwenye gari. Nasema haya kwa sababu yamenikuta.

Mwaka 2016 nilikuwa na Toyota Hilux ya four wheel, ile ambayo namba ya chasisi inaanzia na LN105. Ilikuwa na injini ya dizeli aina ya 2L, yenye ujazo wa cc 2,446 na isiyo na turbo. Gari lilianza kutoa moshi mweusi na kupanda kwa shida. Nikauza karoti za msimu mzima, nikanunua injini ya 1KZ-TE, yenye cc 2,982 na turbo. Kwa maandishi, nguvu yake ni takriban mara moja na nusu ya ile ya zamani. Nilijiona mjanja kuliko wenzangu wote.

Hesabu ilianza kuharibika siku ya kwanza gereji. Injini ile haikukaa kwenye giaboksi yangu, ikabidi ninunue giaboksi yake. Giaboksi ilipobadilika, propela shafti nazo zikakatwa na kuchomelewa upya. Mauntini za injini zikahamishwa. Rejeta ya zamani ikawa ndogo. Kisha ikaja kompyuta, kwa kuwa pampu ya dizeli ya injini hiyo huongozwa kwa umeme, na fundi aliyekuwa hodari wa spana hakuwa hodari wa waya. Gari lilikaa gereji miezi minne, na mimi nikakodi magari ya watu kupeleka mazao sokoni.

Lilipotoka, lilipanda kama mbuzi. Wiki ya tatu, nikiwa natoka Mombo na mifuko ya saruji, mshale wa joto ukapanda na silinda hedi ikapasuka. Hedi ya injini ile ni ya aluminiamu na haisamehe joto. Nilipompigia aliyeniuzia, akanijibu kwamba dhamana yake ilikuwa ni kuiwasha na kuisikia ikinguruma, na mimi nilikuwa nimeisikia.

Kilichoniuma zaidi ni injini ya zamani. Nilikuwa nimeiuza kwa bei ya chuma chakavu kwa mzee mmoja mwenye mashine ya kusaga. Fundi wake akabadilisha nozeli, akaweka chujio jipya la hewa na kurekebisha pampu. Siku nilipopita pale akanicheka. "Mwanangu, injini yako haikuwa mgonjwa. Ilikuwa na njaa ya hewa tu." Injini hiyo imesaga mahindi ya kijiji kizima kwa miaka.

Mzigo wetu hushuka

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutojiuliza mzigo wangu unakwenda upande gani. Sisi wa milimani tunalima juu na kuuza chini. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilometa zipatazo 33, na barabara hushuka karibu mita 1,000. Kabichi, viazi na karoti hushuka gari likiwa limejaa. Wakati wa kupanda, wengi wetu tunarudi na gari tupu au lenye mzigo mdogo.

Kwa hiyo kwa mkulima wa aina yangu, sehemu ya hatari katika safari ni mteremko, na kwenye mteremko kinachookoa maisha ni breki na gia ndogo. Ukiweka injini kubwa, breki za mbele zinabaki zile zile, ngoma za nyuma zile zile, springi zile zile na ekseli ile ile. Gari lililotengenezwa kubeba takriban tani moja linabaki kuwa la tani moja. Tatizo ni kwamba injini ikivuta vizuri, mwenye gari huongeza magunia, tena ya lumbesa. Halafu anashuka Soni mguu ukiwa kwenye breki muda wote, mafuta ya breki ya miaka mitano yanachemka, pedali inazama hadi chini. Hapo injini kubwa haina msaada wowote.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa, na yenye maji huchemka mapema. Kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili, pamoja na pedi na viatu vya breki vilivyolika, ni kazi ya siku moja na haikugharimu shamba.

Nguvu uliyonayo tayari

Kosa la pili ni kusahau nguvu iliyomo kwenye gari. Pikapu yenye four wheel ina gia ya chini, ile iliyoandikwa L4. Kwenye Hilux za aina hiyo, gia hiyo huzidisha nguvu inayofika kwenye magurudumu kwa zaidi ya mara mbili. Injini niliyonunua kwa jasho la msimu mzima iliongeza mara moja na nusu. Kwenye tope la masika, kutoka shambani hadi barabara kuu, L4 inatosha kabisa. Tahadhari ni moja tu, usiitumie kwenye lami kavu, maana utavunja difu au kumaliza matairi.

Matairi nayo hutudanganya. Vijana wanapenda kuweka makubwa ili gari lipendeze na lipite juu ya mawe. Lakini ukitoka tairi la inchi 29 kwenda la inchi 31, ni kama umerefusha gia zote kwa takriban asilimia 7. Gari litakuwa zito kuondoka, na mwenye gari atailaumu injini. Kurudisha matairi ya saizi yake ni nafuu. Anayehitaji matairi makubwa kweli anaweza kubadilisha meno ya difu, ila akumbuke kwamba kwenye four wheel difu ya mbele na ya nyuma lazima zilingane.

Kwa hiyo kabla hujatamka neno injini, mwambie fundi apime kompresheni, aangalie nozeli, pampu, chujio la hewa na la dizeli, na ahakikishe klachi haitelezi. Kama kompresheni ni nzuri, huna sababu ya kung'oa kitu. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Nani anahitaji injini kubwa

Haki itendeke, wapo wanaoihitaji. Mfanyabiashara anayepandisha saruji, mbolea na vinywaji kutoka Mombo kwenda Mlalo hana hesabu sawa na yangu, kwa sababu mzigo wake unapanda. Tena huku juu hewa ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, kwa hiyo ukifika Lushoto umeshapoteza zaidi ya asilimia 10. Yupo pia ambaye injini yake imekufa kweli, kompresheni imekwisha na kuifufua ni ghali kuliko kununua nyingine.

Kwa hao ushauri wangu ni kuchagua injini ya ukoo mmoja na ya zamani. Kwenye Hilux yenye 2L, ndugu zake ni 3L yenye cc 2,779 na 5L yenye cc 2,986. Hizi hazina kompyuta, hukaa kwenye mauntini zile zile na hufungwa kwenye giaboksi ile ile bila kuchomelea chasisi. Nguvu inayoongezeka si ya kutisha, lakini fundi wa Soni anaifahamu, spea zake zipo kila mji, na gari linarudi barabarani baada ya siku chache badala ya miezi. Hakikisha klachi inalingana na injini mpya, badilisha mkanda wa taimingi kabla ya kuiwasha, na rejeta iwe safi na nzima.

Ukienda kununua, usikubali kusikia mngurumo tu. Nenda na fundi wako mwenye geji ya kupimia kompresheni. Fungua kifuniko cha oili uangalie kama kuna rangi ya maziwa, dalili kwamba maji yameingia. Andikianeni dhamana yenye idadi ya siku na saini za pande zote mbili. Na gereji nayo iandike bei ya kazi yote na tarehe ya kukabidhi gari. Mwuzaji asiyetaka kupimiwa wala kuandika ameshakupa jibu.

Usisahau kadi

Kadi ya gari ina namba ya chasisi na namba ya injini. Ukibadilisha injini, toa taarifa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ili kadi irekebishwe, na utunze risiti na nyaraka za kuingiza injini hiyo nchini. Wengi hupuuza jambo hili mpaka siku ya kuuza gari, au siku ya ajali, pale polisi na watu wa bima wanapokuta namba mbili tofauti. Injini isiyo na karatasi ni rahisi kudhaniwa ya wizi, na mwenye gari ndiye atakayetakiwa kujieleza.

Hesabu ya mwisho

Chukua kalamu. Tuseme injini, klachi, rejeta na ufundi vitakula shilingi milioni 6. Wengi hugawanya kwa faida ya safari nzima, na hapo ndipo wanapojidanganya, kwa sababu hata injini ya zamani ilikuwa inakuletea faida. Hesabu ile nyongeza tu. Kama injini mpya itakuongezea shilingi 20,000 kwa kila safari, unahitaji safari 300 kurudisha fedha yako. Ukienda sokoni mara tatu kwa wiki, bila kukosa hata wiki moja, ni karibu miaka miwili. Katika miaka hiyo usipate hasara ya bei, wala mvua isikate barabara, wala injini isikusumbue. Kama bado hesabu inakubali, badilisha kwa amani.

Kama haikubali, fedha hiyo ina kazi nyingine. Sehemu yake ndogo itatengeneza nozeli, breki na matairi, na inayobaki itabaki shambani, ambako ndiko ilikotoka. Mimi nililipia somo hili kwa karoti za msimu mzima. Wewe msomaji umelipata kwa bei ya gazeti, kwa hiyo kesho asubuhi, kabla ya kumpigia simu mtu wa injini, anza kwa kufungua chujio la hewa.