Mtungi Usitangulie Kipimo

Miongoni mwa watu waliojaaliwa wasaa wa kufuga samaki wa mapambo na kuotesha mimea chini ya maji katika tangi la kioo, imezuka ada ya kununua mtungi wa hewa ukaa kabla ya kununua kipimo chake, na ada hiyo, kwa insafu, haifai kunyamaziwa. Ni kweli kwamba mmea uliozama huihitaji hewa hiyo ili ujitengenezee chakula kwa nuru ya taa, na kwamba maji yaliyolingana na hewa ya nje huwa nayo chini ya miligramu 1 kwa lita, ambapo wapenzi wa mimea hupenda ifike takriban 30. Lakini samaki naye huitoa hewa hiyo hiyo mwilini kupitia matamvua yake, na ikikithiri majini hushindwa kuitoa. Hupanda juu akitweta, na mwenye tangi asiye na kipimo hudhani ni njaa, akamtupia chakula.

Wenye hadhari aghalabu hutegemea jedwali: hupima pH, kipimo cha asidi alichokiasisi Sørensen wa Denmark mwaka 1909, wakapima na kaboneti iliyomo majini, kisha wakakutanisha namba mbili hizo wapate ya tatu. Hesabu yenyewe haina ila, isipokuwa huchukulia kwamba asidi yote ya maji yale imetokana na hewa ukaa, na kumbe gogo lililowekwa tangini kwa pambo nalo hutoa asidi yake. Tena, kosa la 0.3 katika pH, ambalo kwa mtu anayelinganisha rangi kwa macho ni jambo la kila siku, huifanya hewa ionekane maradufu ya ilivyo, au nusu yake.

Kwa sababu hiyo nakifadhilisha kichupa cha kioo chenye shingo iliyopinda, kinachobandikwa ndani ya tangi mdomo ukielekea chini. Ndani yake hutiwa maji yaliyotengenezwa kwa digrii 4 za kaboneti, pamoja na matone ya bromothimoli ya buluu, na kati ya maji hayo na ya tangi hubaki nafasi ya hewa tupu, hata asidi ya gogo isipate njia, ikavuka hewa ukaa peke yake. Buluu ni dalili ya uchache, manjano ni hatari, na kijani ni karibu na ile 30. Wako wanaoipokea kijani hiyo kama hukumu ya kadhi, na hapo ndipo ninapohitilafiana nao, kwani kichupa huchelewa saa moja au mbili nyuma ya maji, na rangi inayosomwa saa sita huenda ikawa habari ya saa nne. Afunguaye koki zaidi na amtazame samaki kwanza, naye aifunge taa zizimwapo, maana usiku mimea nayo huitoa hewa hiyo badala ya kuitumia.

Kichupa hicho bei yake ni ndogo kwa mbali kuliko ya mtungi, na sioni udhuru wa muuzaji kutoa kimoja bila ya kingine.

Ama wafugao samaki wa Ziwa Tanganyika, wale wanaosafirishwa kutoka Kigoma hata ng'ambo, hao mtungi hawauhitaji kabisa. Maji ya ziwa hilo ni ya alkali, pH yake yakaribia 9 na kaboneti yake ni kama digrii 16, na kuyafikisha kwenye miligramu 30 ni kuishusha pH mpaka 7.2 kila asubuhi, kisha kuiacha ipande tena usiku, jambo ambalo samaki wa ziwa lile hakuumbiwa. Atakaye majani katika tangi la namna hiyo na aoteshe anubiasi, mmea wa mito ya misitu ya Kongo na Afrika Magharibi, ambao hukua taratibu mno na hushikamana na jiwe bila ya kudai udongo wala mtungi.