Vyaelea Vimeundwa: Mkanda wa Usman Haukutoka Kwenye Damu

Leo naanza kwa kujisema mwenyewe. Machi 2019, siku moja baada ya Kamaru Usman kumvua Tyron Woodley mkanda wa uzito wa welter wa UFC, niliandika habari ya maneno kama mia nne hivi. Kichwa cha habari kilikuwa na "simba" na kilikuwa na "Afrika". Ndani nikamwaga "nguvu za asili", "damu ya mashujaa" na "moyo wa Kiafrika". Mhariri alifurahi, jamaa zangu walifurahi, na mimi nikajiona nimeandika. Wiki iliyopita niliikuta tena wakati natafuta kitu kingine, nikaona aibu. Katika maneno yote yale, hakuna mahali hata pamoja nilipoandika Nebraska.

Mtaniuliza, Nebraska kuna nini? Kuna kila kitu, jamani. Na huo ndio ugomvi wangu wa leo.

Twende taratibu. Usman alizaliwa Auchi, Nigeria, mwaka 1987. Familia ilihamia Texas akiwa bado mtoto. Mieleka aliikuta sekondari, katika mji wa Arlington, na huko kocha aliyeshindwa kutamka Kamarudeen akambatiza "Marty". Naposema mieleka sisemi ile ya WWE ya kurushiana viti. Nasema mieleka ya shule: mkeka, nguo ya kubana, pointi, na mwamuzi mwenye filimbi. Kutoka pale akaenda chuo kimoja Iowa, kisha akahamia Chuo Kikuu cha Nebraska kilichoko Kearney. Huo ni mji wa watu wasiofika 40,000, umezungukwa na mashamba ya mahindi, na baridi yake si ya kuhadithiwa. Mwaka 2010 akawa bingwa wa taifa wa vyuo vya daraja la pili, uzito wa paundi 174, yaani kama kilo 79. Msimu ule alishinda mara 44 na kupoteza mara 1.

Hebu irudie hiyo hesabu. Mapambano 45 kwa msimu mmoja! Bondia wa kulipwa wa hapa kwetu akipata matano kwa mwaka anajiona ana bahati. Huyu kijana, kabla hajalipwa hata senti moja ya ngumi, alikuwa ameshashikana na watu wanaotaka kumwangusha mara nyingi kuliko mabondia wetu wengi watakavyopigana maisha yao yote. Na hapo sijahesabu mazoezi ya kila siku, ambako unaangushwa na wenzako mpaka mwili unajua la kufanya kabla kichwa hakijaamua.

Alikuwa na ndoto ya Olimpiki ya London 2012. Majeraha yakamkatiza. Novemba 2012 akaingia MMA. Pambano la pili tu, mwaka 2013, akakabwa shingo akapoteza. Baada ya hapo hakupoteza tena hadi Agosti 2022.

Sasa, mkeka wa chuo ulimpa nini hasa? Ulimpa haki ya kuchagua. Katika MMA, anayejua mieleka ndiye anayeamua pambano lipiganiwe wapi. Akitaka chini, mnakwenda chini. Akitaka msimame, mtasimama, maana huna uwezo wa kumwangusha. Mpiga ngumi mkali akikutana na mtu wa namna hiyo anakuwa kama dereva mzuri aliyenyang'anywa funguo za gari. Katika mapambano 15 ya kwanza ya Usman ndani ya UFC, hakuna aliyefanikiwa kumwangusha. Hakuna! Usiku ule wa Woodley, ambaye naye ni mwanamieleka wa Chuo Kikuu cha Missouri, majaji wote watatu walimpa Usman raundi zote tano. Hilo lilikuwa somo la darasani, likifundishwa mbele ya dunia nzima.

Na wala hayuko peke yake. Mark Coleman wa Ohio State, bingwa wa vyuo wa 1988, ndiye bingwa wa kwanza wa uzito wa juu wa UFC, mwaka 1997. Brock Lesnar wa Minnesota, bingwa wa vyuo wa 2000, alitwaa mkanda huohuo mwaka 2008. Daniel Cormier alitoka Oklahoma State. Cain Velasquez, mtoto wa mhamiaji kutoka Mexico, alitoka Arizona State. Kama ni damu, hebu niambieni hiyo ni damu ya kabila gani inayopita kwa Mzungu wa Ohio, mtoto wa Mmexico na kijana wa Auchi? Kinachowaunganisha ni mkeka.

Nakumbuka asubuhi ya Jumapili, Agosti 21, 2022. Tulikuwa Sinza kwa rafiki yangu, chai mezani, macho kwenye runinga. Salt Lake City bado ilikuwa Jumamosi usiku. Usman alikuwa anaongoza na zilikuwa zimebaki sekunde 56 tu pambano liishe. Leon Edwards, mzaliwa wa Jamaika aliyekulia Birmingham, akarusha teke la kichwa, na bingwa wetu akaanguka kama mti. Chumba kizima kimya. Halafu jamaa mmoja, msomi kabisa, ana digrii yake, akasema: "Damu imeisha."

Wote tulicheka. Lakini lile neno lilinikaa. Kumbe hata kushindwa tunakueleza kwa damu! Raundi ya kwanza ya pambano lile, Edwards alikuwa mtu wa kwanza kumwangusha Usman katika UFC. Kijana wa mateke na ngumi alikuwa amekwenda kujifunza kile kilichokuwa kinampiga (walikutana mara ya kwanza mwaka 2015, akapoteza). Hiyo ndiyo habari ya pambano. Mtu alisoma, akarudi na majibu. Sisi tukaiita damu.

Najua kuna watakaonijia juu: "Unamnyang'anya Usman Uafrika wake." Tena watanitajia Colby Covington, ambaye kwa miaka alikuwa akimwita "Marty" kwa kejeli, kwa maana ya kwamba huyu si Mnigeria wa kweli, ni mtu wa Nebraska tu. Walipopigana Desemba 2019, wanamieleka wawili wa vyuo, hakuna aliyejaribu hata mara moja kumwangusha mwenzake. Mieleka ilifuta mieleka, zikabaki ngumi, na Covington akasimamishwa raundi ya tano.

Jibu langu ni jepesi. Unaijeria wa Usman si mali ya Covington aupime, wala si mali yangu niugawe. Mtu anaweza kuwa Mnigeria kutoka utosini hadi kwenye kidole cha mguu, na ufundi wake ukawa wa Kearney. Daktari wa Muhimbili aliyesomea Urusi ni Mtanzania, na upasuaji kajifunza huko. Ukisema kisu chake kinaongozwa na damu ya mababu, hujamsifu. Umemfutia miaka yake yote ya usiku bila usingizi.

Na hapa ndipo panaponiuma zaidi. Angalieni lugha yetu. Mzungu akishinda tunasema "ana akili ya mchezo", "amejipanga". Mweusi akishinda tunasema "ana nguvu za asili". Maneno hayo hatukuyatunga sisi. Yalitungwa na watu waliotaka kuamini kwamba sisi ni misuli na wao ni ubongo. Nasi tunayaokota, tunayapiga pasi, tunayavaa kwa fahari kama nguo ya sikukuu. Mimi mwenyewe niliyavaa Machi 2019, tena kwenye karatasi ya kuchapwa.

Kuanzia Machi 2021 hadi Agosti 2022 UFC ilikuwa na mabingwa watatu waliozaliwa Afrika kwa wakati mmoja: Usman, Israel Adesanya, na Francis Ngannou wa Kamerun. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Kisha mwaka 2023 akaja Dricus du Plessis, Mzungu wa Afrika Kusini anayefanya mazoezi Pretoria, akadai yeye ndiye atakayeleta mkanda Afrika, kwa kuwa anaishi na kujifua huku. Watu waliwaka, na walikuwa na sababu. Ngannou alikuwa ameshaufikisha mkanda wake Kamerun mwaka 2021, na kumpimia Mwafrika mwenzio Uafrika ni utovu wa adabu. Lakini nilipomaliza kumsema wiki nzima nilibaki na swali ambalo hasira haikulijibu. Januari 2024 alitwaa mkanda kweli, akitokea kwenye ukumbi wa mazoezi ulioko Pretoria. Wetu uko wapi?

Hapo ndipo "damu" inapotufaa. Ukiamini mabingwa wanazaliwa, huna haja ya kununua mkeka. Huna haja ya kocha mwenye mshahara. Unakaa, unasubiri damu ichemke Marekani, kisha unaandika "wetu". Nchi hii mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilisimamisha UMITASHUMTA na UMISSETA, eti wanafunzi wasome. Ikaja kuyarudisha mashindano baadaye, lakini ile fikra haikuondoka. Mtoto akionekana na kipaji bado anaulizwa "utakula mpira?" Utotoni wote tumebwagana mchangani mpaka jioni. Ni nani alikuja na filimbi? Ni nani aliandika majina?

Sisemi vyuo vya Marekani ni pepo. Katika daraja alilocheza Usman, timu nzima ya mieleka hugawana ufadhili usiozidi wa wanafunzi 9. Hadi mwaka 2021 mwanamichezo wa chuo alikuwa haruhusiwi kupata hela hata kwa jina lake mwenyewe. Na akimaliza, kwa miaka mingi hakukuwa na ligi ya maana ya kulipwa ya mieleka iliyomsubiri, ndiyo maana wengi waliishia ulingoni kupigwa vichwa ili wale. Usman ameshasema hadharani jinsi magoti yake yalivyochakaa. Mkeka unatoa na mkeka unachukua. Lakini angalau upo, na aliyepita juu yake anajulikana alikopita.

Wahenga walimaliza maneno: vyaelea vimeundwa. Ukiona jahazi limetia nanga bandarini, usisifu maji. Muulize fundi alitumia mbao gani, misumari mingapi, na alilipwa na nani.

Juni 2025, akiwa na miaka 38 na watu wameshamzika, Usman alirudi ulingoni Atlanta akamshinda Joaquin Buckley kwa pointi. Alimshindaje? Alimwangusha, akamkalia, akamwangusha tena. Magoti yamekwisha, kasi imepungua, lakini kile alichofundishwa akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu katika mji wa mahindi kilikuwa bado kipo. Safari hii nilitega sikio nisikie nani atasema damu. Walikuwepo, tena wengi.

Ile habari yangu ya 2019 siwezi kuirudisha mtamboni. Ningepewa nafasi, ningeandika kichwa hiki: "Mzaliwa wa Auchi, aliyefundwa Kearney, atwaa mkanda." Mhariri angekikataa, hakina simba wala hakiuzi. Lakini ni cha kweli, na mtoto anayekisoma angejua pa kuanzia: atafute mkeka, si damu.