TAHARIRI: Nani hasa aliyehukumu?

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.T.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Waislamu, mwanafunzi mmoja wa madrasa yetu hapa Kibosho, mpenzi wa mashindano ya kuimba katika runinga, ametuuliza swali lililotunyima usingizi: "Ustadh, kule mtu akikosea hufundishwa, kisha hurudi kujaribu tena. Mbona hapa akikosea huchapwa?"

Hukumu ya mashindano yale kwetu haina utata. Lakini mwenye kukataza jambo hana budi alijue. Tusker Project Fame, iliyoanza Nairobi mwaka 2006 hadi msimu wa sita mwaka 2013, iliwakusanya vijana wa Afrika Mashariki, Watanzania wakiwemo, katika nyumba moja yenye kamera, wakanolewa na walimu wa sauti. Kila mwisho wa juma waliimba mbele ya majaji. Waliodhoofika wakawekwa katika hatari ya kutolewa: walimu waliweza kumwokoa mmoja, washiriki wenzao mmoja, na wengine wakategemea kura za simu. Siri ilikuwa hapo. Kura ililipiwa, na mwenye salio aliweza kuipiga tena na tena. Katika sharia tunautazama uadilifu wa shahidi. Huko ulitazamwa mfuko wake. Majaji walisema sana, lakini walihukumu wenye salio. Bongo Star Search ya Rita Paulsen, hapa kwetu, nayo imetumia kura za simu.

Na jina lenyewe? Tusker ni bia. Mtume (S.A.W.) aliwalaani watu kumi kwa ajili ya pombe, na mla thamani yake ni mmojawapo. Zawadi ya mwaka 2012 ilikuwa shilingi milioni 5 za Kenya. (Wala tusiwacheke majirani: jina la mlima wetu limebandikwa kwenye chupa, na bia hiyo ikadhamini tuzo za muziki za Tanzania.)

Hata hivyo, kijana yule hakuuliza habari za nyimbo. Aliuliza habari za mwalimu. Tumesoma ng'ambo, tumerudi na shahada zetu. Wangapi kati yetu humketisha mtoto pembeni na kuisikiliza ghunna yake mpaka inyooke? Katika mashindano yetu ya Qur'ani tunaweka majaji wa hifdhi na tajwidi, tunamtangaza mshindi, tunapiga takbiri. Aliyeshindwa anarudi nyumbani bila kujua aliteleza katika aya gani. Mtume (S.A.W.) alipomwona mtu akiharibu swala yake alimrudisha mara tatu, na alipokiri kwamba hajui zaidi ya hapo, akamfundisha hatua kwa hatua. Hakumchapa.

Kuanzia mashindano yajayo, in shaa Allah, kila mshiriki atapewa karatasi yenye makosa yake yote, na mwalimu atakayeyapitia pamoja naye kwa mwezi mzima. Fimbo tumekwisha kuiondoa darasani. Kijana aliyeuliza amejiandikisha. Bado idghamu inamsumbua.

Wabillahi tawfiq.